Mkanda Ambao Haujakatika

Aliyempelekea mshonaji yule kitambaa alijua hatatoka kwenye chumba chake cha kushonea bila kuhojiwa. Ukitaka gauni lishuke hadi kwenye kifundo cha mguu, atakuuliza kwa nini. Ukitaka vifungo vikae mgongoni, atakuuliza nani atakufungia. Wateja wakampachika jina la Mama Kwanini, naye akaliitikia kama vile ndilo alilopewa siku aliyozaliwa. Alikuwa amekula miaka mingi kwenye cherehani na mgongo ulishaanza kumlalamikia, lakini udadisi wake haukuwa na dalili ya kuzeeka.

Mjomba wake alipofariki hakuacha mke wala mtoto. Aliacha kigari cha spoti, chekundu, cha milango miwili, kilichokaa bandani chini ya shuka miaka nenda rudi. Alikuwa amesema kigari hicho apewe mpwa wake mshonaji, kwa sababu katika ukoo mzima ni yeye tu aliyewahi kumuuliza zile taa za mbele zinazojificha zinafumbukaje. Ndugu walicheka hadi wakashika mbavu. Mume wa Mama Kwanini hakucheka. Alikuwa tarishi wa posta mstaafu, mtu wa baiskeli tangu ujana.

"Tuliuze," alisema. "Gari la watu wawili, halibebi hata gunia la mkaa. La kazi gani?"

"Kwanza nijue lina nini ndani."

"Lina injini, mke wangu. Magari yote yana injini."

"Haya. Inafanyaje kazi?"

Mzee akajikohoza, akatafuta miwani yake.

Nyuma ya duka la rangi, mtaa wa pili, kulikuwa na gereji ya fundi mmoja waliyemwita Chali. Watu wengi walimjua kwa soli za viatu vyake kuliko kwa sura, kwa jinsi alivyoshinda chini ya magari. Alikataa katakata kigari kiwashwe. Kikavutwa kwa kamba, Mama Kwanini ameshika usukani, roho mkononi.

Chali alifungua boneti, akamulika tochi huku na huku, akabonyeza mipira kwa kidole gumba.

"Mama, kabla ya kuliwasha, tubadilishe mkanda wa taimingi. Halafu pampu ya maji, mipira ya maji, mipira ya mafuta."

"Mkanda umekatika?"

"Haujakatika."

"Pampu inavuja?"

"Bado."

"Sasa ninalipia nini?"

"Unalipia usikatike na isivuje."

Bei ya spea ilivumilika. Bei ya ufundi ndiyo iliyomtoa jasho. Mkanda wenyewe ulikuwa kitu kidogo tu. Iweje kuuvalisha kugharimu kuliko kuununua?

"Umejificha, mama. Mpaka niufikie, natoa rejeta, natoa feni, nashusha mguu mmoja wa injini. Mtu akikuletea koti lililokwisha kushonwa, anataka ubadilishe bitana peke yake, unafanyaje?"

"Nafumua koti zima."

"Umeona? Na pampu iko hapohapo nyuma ya mkanda. Koti likishafumuliwa, hatulifumui tena mwakani."

Hilo lilimwingia. Lakini alikuwa na lingine. "Gari hili halijatembea. Mkanda umechakaa kwa lipi?"

Chali akakuna kichwa. "Mpira unazeeka hata ukikaa."

Mama Kwanini akabonyeza mpira mmoja kwa kidole chake. Alikumbuka sketi ambazo wateja walimletea baada ya kuziweka kabatini miaka bila kuzivaa. Ukivuta lastiki inakwaruza ndani kwa ndani, ukiiachia hairudi. Kumbe na mkanda wa injini ni ukoo uleule. Alisadiki. Tatizo ni kwamba kusadiki hakujazi pochi.

Akawa anaangaza macho mle gerejini, ndipo akaona pembeni gari jingine dogo la kukunjuka paa. Turubai la paa lilikuwa limeoza, linaning'inia vipande vipande.

"Kwa nini hili liko hivi?"

"Fundi wa kushona mapaa alihama mji. Mwenye gari ananipigia simu kila wiki, sasa hata kupokea naona haya."

Mama Kwanini akaligeuza lile turubai, akachungulia mishono yake, akaipitisha vidoleni. Hakuwahi kushona paa maishani mwake. "Nikikushonea hili, utanifanyia ufundi wa gari langu? Spea nitanunua mwenyewe."

Chali alicheka. Alipoona mwenzake hacheki, akaacha, akafuta mkono kwa tambara, wakapeana mikono.

"Ila nina sharti," akasema Mama Kwanini. "Siku ya kufungua injini niwepo."

"Hapa mteja hakai, mama. Utaharibu nguo."

"Nguo nashona mwenyewe."

Siku ya kufungua alifika na kigoda chake. Chali alitoa boliti moja baada ya nyingine, akazipanga juu ya gunia kwa mpangilio aliozitolea. Kila kilichotoka kiliulizwa jina na kazi yake. Mwanzoni fundi alijibu kwa mkato. Kufikia saa sita alikuwa anaeleza hata visivyoulizwa.

Mkanda ulitoka wakati mzee anafika na chupa ya chai. Ulikuwa mweusi, umetimia meno yote.

"Mzima kabisa huu!" mzee akasema, kama mtu aliyeshinda kesi.

Chali hakubishana. Aliukunja kinyumenyume, na katikati ya meno nyufa zikafumbuka, nyingi, kama kisigino kilichokosa mafuta. Kisha akaenda kwenye boksi, akarudi na kijiti cha chuma chenye kichwa kipana, kimepinda shingo. Akamwekea mzee kiganjani.

"Vali hii, kilango cha hewa cha injini. Ya mteja mmoja aliyesubiri mkanda ukatike."

Mzee akaigeuzageuza. "Ilipindaje?"

"Vali inashuka, pistoni inapanda, mahali palepale. Mkanda ukiwa mzima hazikutani. Ukikatika, zinagongana."

"Kwa hiyo mkanda ndio unaozigawia zamu."

"Hasa, mzee."

Maisha yake yote ya kazi mzee alikuwa ameishi kwa zamu, akaona wazi jinsi ambavyo kukosea kidogo kungeleta balaa. Chai ikapoa hakuna aliyeigusa. Kesho yake naye alikuja na kigoda.

Mkanda mpya na pampu vikafungwa, ikabaki deni la paa. Mama Kwanini alilifumua lile la zamani kwa wembe, uzi kwa uzi, akalitandaza sakafuni hadi chumba cha kushonea kikajaa. Akalichora kwa chaki juu ya turubai jipya, akakata. Sindano zilivunjika, akaenda kununua za kushonea ngozi. Cherehani ilinguruma kama inayopanda mlima. Alipomaliza alilibeba begani hadi gereji, uso unang'aa.

Halikufika. Walivuta, wakavuta, mbele kukabaki pengo la kiganja kizima.

"Labda tulilowanishe linyooke," Chali akasema kwa upole.

"Hapana. Nataka kujua kosa liko wapi."

Alirudi nyumbani amenuna. Alilitandaza lile kuukuu tena, akalikagua kama anayetafuta sindano iliyopotea. Jibu alilipata kwenye pindo, pale ambapo mshono ulikuwa umejikunyata na kitambaa kimefumbata mikunjo midogo. Jua na mvua vilikuwa vimelivuta mwaka baada ya mwaka, nalo likasinyaa. Na yeye alikuwa amenakili ule usinyaaji, sentimita kwa sentimita! Akacheka peke yake hadi mumewe akaja kuchungulia mlangoni.

"Nilimpima kizee," akamwambia, "nikamshonea kijana."

Safari hii hakupima turubai. Alipima vyuma vya paa vyenyewe, Chali akivikunja na kuvikunjua, mzee akishika chaki. Turubai lililoharibika akaligeuza mifuko ya kuwekea spana, hasara ya kitambaa akaimeza.

Paa la pili lilikaa kama ngozi ya ngoma. Ikabidi lijaribiwe kwa maji, na mzee akajitolea kukaa ndani. Chali akafungulia mpira wa bustani.

"Kuna tone!" ikasikika sauti kutoka ndani.

"Wapi?"

"Gotini kwangu!"

Mama Kwanini akatafuta kona ya mshono, akaipaka nta, akabonyeza. Wakamwagia tena.

"Vipi huko?"

"Pakavu. Lakini msizime kwanza," mzee akasema. "Sauti ya maji ikiwa juu ya kitambaa ni nyingine kabisa. Hebu sogeza mpira nyuma kidogo."

Mwenye gari lile alikuja, akalipapasa paa asiamini, na baada ya muda akawaleta rafiki zake wawili. Mama Kwanini hakuacha magauni, ila siku hizi aliyekuja kupimwa alilazimika kuruka turubai mlangoni. Habari ya kuuza kigari haikutajwa tena. Orodha ya Chali nayo haikuisha: baada ya mkanda yakaja matairi, halafu breki. Mama Kwanini alilipa kidogokidogo, kwa fedha au kwa sindano, na kila mara alikaa kuangalia.

Asubuhi moja yenye hewa safi walikitoa kigari nje ya mji, yeye kwenye usukani, mzee pembeni, magoti yakikaribia kidevu. Hakukimbia sana. Alikanyaga mafuta kidogo, akasikiliza, akakanyaga tena, akitaka kujua sauti inabadilikia wapi. Juu ya kilima wakaegesha na kufungua boneti, injini inanguruma taratibu.

Mpita njia mmoja akasimamisha baiskeli yake. "Poleni jamani. Limeharibika?"

"Hata," mzee akajibu. "Tunaliangalia tu. Unaona pale, penye kile kifuniko cheusi? Nyuma yake kuna mkanda."

Yule mtu akalaza baiskeli kwenye majani, akasogea.