Sultani wa Pemba Aliyetoka Hamilton

Nazlin Somji ana miaka sitini na mitatu, hupokea wagonjwa kwenye kliniki ya meno huko Thorncliffe Park, Toronto, na hajapigana na mtu tangu azaliwe, ukiacha ile mara moja aliyogombea kiti cha basi siku ya theluji. Ukimwona na miwani yake ya mnyororo na kikopo chake cha karafuu mezani, hutadhani kwamba kichwani amehifadhi kila pambano la mieleka lililopiganwa Ontario kati ya mwaka sabini na sita na themanini na tatu. Lakini amehifadhi. Mgonjwa akifanya kosa la kutaja mieleka, ataingia kung'olewa jino hali anajua nani alimvunja nani mbavu kule Kitchener, na mwamuzi alikuwa akitazama wapi.

Mieleka ya siku hizi usimletee. Zamani, atakwambia, mieleka ilikuwa na majimbo. Ontario ilikuwa na bosi wake, bingwa wake na saa yake moja ya televisheni Jumamosi mchana. Alberta vivyo hivyo, na kule Marekani kila pembe na wenyewe. Bosi wa huku hakanyagi kwa bosi wa kule. Mpiganaji akishachokwa na watu wa jimbo moja hufunga mizigo akahamia jingine, na huko akaanza upya kwa jina jipya, kwao kupya na tabia mpya. Huku alikuwa adui, kule ni stelingi, na kwa kuwa picha za jimbo moja hazikufika jimbo jingine, nani angejua? Halafu ikaja kampuni moja na televisheni ya bara zima, ikayameza majimbo yote. Tangu hapo, anasema Nazlin, mtu akiharibikiwa mahali pamoja ameharibikiwa kila mahali. Hilo hulisema kwa hasira, kana kwamba kanyang'anywa shamba la urithi.

Kwa hiyo Kwamboka, msaidizi wa daktari pale kliniki, mwanamke wa Kisii mwenye gari na moyo wa kusaidia, hakushangaa alipoombwa lifti ya Jumamosi hadi Weston kwenye mkutano wa wanamieleka wastaafu. Alichoshangaa ni sababu. Nazlin alifungua kopo la biskuti akamwonyesha barua kumi na moja za Kiswahili, zimeandikwa kwa wino wa buluu, herufi kubwa tupu kama za tangazo la ukutani.

"Zimesainiwa na mtu asiyejua Kiswahili," akamwambia. "Nataka aniambie nani alimwandikia. Ana miaka sabini na tisa, Kwamboka. Akiondoka na jina hilo, nimelikosa."

"Mama Haider, si hii mieleka ni drama tu? Alipata mtu akam-help, basi," akasema Kwamboka, aliyezoea kumwita kwa jina la mwanawe.

"Ndiyo. Mtu gani?"

Ili umwelewe, lazima umrudishe Nazlin kwenye umri wa miaka kumi na sita. Familia yao ilikuwa imetoka Tanga, ambako baba yake, Anwarali, alikuwa na duka la vipuri vya baiskeli lililojulikana hadi Muheza. Toronto walipanga ghorofani hapo hapo Thorncliffe, naye alipata, kwa maelezo yake, kazi ya uhasibu katika ofisi moja mjini. Kila asubuhi alifunga tai ya kahawia, akabeba mkoba na chupa ya chai ya tangawizi, akaenda zake. Jioni alirudi, akaketi nyuma ya gazeti, na hapo ukitaka neno kutoka kwake ujipange. Hakuwa mkali. Alikuwa amenyamaza tu, tangu Tanga ibaki nyuma.

Shuleni Nazlin hakuwa na rafiki hata wa dawa. Walimu walilitafuna jina lake, wanafunzi hawakujisumbua kulitamka kabisa. Ndipo Jumamosi moja mchana, kwenye televisheni ya mitumba, akatokea Sultani wa Pemba: kilemba cha hariri, joho la kumetameta, sikio la kushoto limechanika, na kifuko cha mchanga wa Pemba wa kumrushia stelingi machoni pindi mwamuzi akigeuka. Ukumbi mzima ukamzomea. Nazlin akasimama mbele ya televisheni akalia kwa furaha.

Mtoto wa Tanga alijua vizuri kwamba Pemba haikuwa na sultani wake. Alisikia pia kwamba Kiswahili chote cha yule bwana kilikuwa "jambo", nalo alilitoa kama tusi. Lakini aliyekumbuka kwao hachagui ushahidi. Alimwandikia barua ya Kiswahili kupitia ukumbi wa mieleka, akamuuliza kama ni mtu wa Wete au wa Chake Chake, na kama haumii kuzomewa na watu wote wale.

Majibu yalikuja baada ya wiki mbili. "Binti," barua ilisema, "mimi ni wa huko huko unakokukumbuka, mtaa usiniulize. Kuhusu kuzomewa: anayezomewa angalau ameonekana. Hesabu usiziache, na baridi ikianza vaa soksi mbili. Hizi ni tiketi za Jumapili. Msichana haji peke yake, njoo na baba. Msalimie. Sultani."

Baba aliisoma ile barua mara mbili, akasema ni upuuzi mtupu, na Jumapili akavaa koti mapema kuliko mtu yeyote nyumbani. Hivyo ndivyo walivyoanza kwenda pamoja. Alikuwa na kituko kimoja: wakitoka kituo cha treni alimzungusha Nazlin mtaa mzima, upepo ukiwakata masikio, ili waingie kwa mlango wa mbali. Ule wa karibu, uliopita mbele ya maegesho ya magari, hakuutaka. Nazlin aliona ni ukaidi wa wazee. Ndani, baba aliketi wima na tai yake kama yuko baraza la ndoa, ila Sultani alipomrushia stelingi mchanga, mzee alisema "safi" kwa sauti ya chini sana.

Barua ziliendelea. Zilimuuliza habari za masomo, zikamtania, zikamwambia watu wasiojua jina lako leo watalijua kesho ukilitamka mwenyewe bila kunong'ona. Alijaribu. Alipata rafiki, kisha wawili. Kila barua iliishia kwa salamu kwa baba, na Nazlin, aliyelelewa vizuri, alizifikisha kila mara.

"Baba, Sultani anakusalimu."

"Naye pia," gazeti lilijibu.

Kwa moto ule alianzisha jarida la mashabiki, kurasa nne, lililoitwa *Kilemba*, akawa anabadilishana na wenzake wa majimbo mengine kwa posta. Na posta ndiyo iliyomletea balaa. Siku moja jarida la Alberta lilifika na picha ya miaka miwili nyuma: Mkata Magogo, kipenzi cha watoto, shati la mirabaraba, amembeba mtoto mgonjwa. Sikio la kushoto limechanika. Chini yake kulikuwa na jina halisi, Gord Petryk, mtoto wa mfua chuma wa Hamilton, mwendo wa saa moja tu kutoka hapo.

Kuichapisha picha ile kungempa Nazlin sifa majimbo yote. Lakini Sultani akishafichuliwa angefukuzwa Ontario, na barua zingekoma. Aliifungia kwenye kopo la biskuti, akaendelea kuandika, na barua zikaendelea kuja kwa Kiswahili safi kutoka kwa mtu wa Hamilton. Akili yake ilikataa kuuliza. Aliyeuliza ni yule mtu mzima wa baadaye, na hakuwa na wa kumjibu.

Barua ya mwisho ilikuja mwaka sabini na tisa. "Huku wamenichoka, nahamia jimbo jingine. Anayehama na kubadili jina si mwongo, binti, anajaribu tena. Msalimie baba." Anwarali alifariki mwaka 2004, na msikitini alisomewa kama mhasibu mstaafu, mtu mtaratibu, Mungu amrehemu.

Basi Jumamosi ile, Weston. Ukumbi ulikuwa umejaa magoti mabovu. Wazee wenye mabega ya milango waliketi nyuma ya meza wakitia saini picha zao za ujanani, na Kwamboka, aliyekuja kwa ajili ya lifti tu, tayari alikuwa kwenye foleni ya donati akicheka na bingwa wa zamani. Nazlin alimwona Sultani pembeni, kilemba kimepinda juu ya sweta la kijivu, akigawana sandwichi na yule stelingi aliyemmwagia mchanga miaka mitatu. Ilimkera kweli. Enzi zile adui na stelingi hawakupanda hata gari moja, watu wasije wakawaona wanapatana. Leo wanagawana jibini hadharani!

Alingoja zamu yake, akaweka barua moja mezani bila salamu.

Mzee aliitazama. Akavua kilemba, akakiweka kando, akabaki na upara wake na sikio lake lililochanika. Akauliza kwa Kiingereza, polepole, kama yeye ndiye Nazlin wa Thorncliffe.

Alipoitikia, yule stelingi aliombwa aende kutafuta kahawa. Gord Petryk akamweleza. Wabaya, alisema, waliegesha magari nyuma ya ukumbi, maana mashabiki walikuwa wakichana matairi. Kwenye kibanda cha maegesho alikuwapo bwana mmoja mpole, mlinzi wa magari pekee Toronto nzima aliyevaa tai kazini. Walizoea kunywa chai pamoja, chai ya tangawizi iliyowasha koo. Gord alijua bwana yule katoka Afrika Mashariki, kwa hiyo barua ya lugha asiyoijua ilipoletwa, alimpelekea asome.

"Aliisoma mara mbili," alisema. "Halafu akaniambia, hii imeandikwa na binti yangu."

Nazlin alivuta kiti akaketi.

Mzee aliendelea. Bwana yule alimsihi asije akamwambia msichana kwamba baba yake yuko kibandani. Nyumbani wanamjua kuwa ni mhasibu. Alizungusha bahasha za maombi kwenye ofisi ishirini, hakuna iliyomtaka, na hakuweza kurudi kwa mke na mtoto na kuwaambia kwamba mwenye duka wa Tanga sasa analinda magari ya watu.

"Nikamwambia, bwana wee, mimi nami hapa watu wanajua nimetoka Pemba." Gord alicheka hadi akakohoa. "Tukapeana mikono. Yeye hatasema mimi ni wa Hamilton, na mimi sitasema yeye ni wa maegesho. Akaanza kukujibu palepale, herufi kubwa, usije ukamjua kwa mwandiko. Nilitaka kumlipa, akakataa. Alitaka tiketi mbili tu."

Nazlin alikumbuka soksi mbili. Hakuwahi kumwandikia Sultani habari za soksi, wala kwamba hesabu zilikuwa zikimshinda. Alikumbuka ule mzunguko wa mtaa mzima kwenye upepo, na mkono wa baba umeshika wake, akiharakisha. Aliona huruma iliyomuuma, kisha mapenzi mengi mno, na nyuma yake hasira kidogo, hasira ya mtu aliyefichwa zawadi miaka yote.

"Kwa nini hakuniambia hata baadaye?" akauliza. "Ningempenda vilevile."

"Hilo nilimuuliza mimi," alisema mzee. "Akasema, mji huu wote binti yangu ana mtu mmoja tu wa kumwandikia. Nikisema, nitakuwa nimemuua mtu huyo."

Mzee alimtilia saini picha, akamwomba, kama huwa anazuru kaburi la baba, amfikishie salamu zake. Kwamboka alimkuta Nazlin analia na kucheka kwa pamoja, akampa donati asiulize. Ndani ya gari aliisikiliza hadithi nzima hadi wakafika taa za barabarani, na zilipowaka kijani hakuondoka mpaka wa nyuma wakapiga honi.

"Kumbe mlikuwa mnakaa na Sultani nyumba moja," akasema.

"Ghorofa ya saba," alisema Nazlin.

Jumapili aliamka mapema, akavaa soksi mbili, akapanda basi hadi makaburini, kaskazini ya mji. Alifuta theluji juu ya jiwe kwa mkono, akasoma Fatiha taratibu, akajiinamia kama mtu anayesubiri ukurasa wa gazeti ugeuzwe.

"Baba," akasema, "Sultani anakusalimu."

Halafu, kwa kuwa mtu lazima ajibu salamu, alijibu mwenyewe kwa niaba yake, kwa ile sauti ya chini ya nyuma ya gazeti.

"Naye pia."