Kamshafti ya Shemeji: Siku ya Mungu Banataka Nisimame Nishukuru

Admin, jina langu ulifunike muzuri, juu huku Kamembe bantu banajuana mpaka rangi ya kasike, ile kofia ya pikipiki.

Mie ni mwanaume wa miaka 34, motari hapa Rusizi, niko na bibi na mutoto moja. Kazi yangu ni kupandisha bantu na mizigo toka Bugarama mpaka huku juu: leo mufanyakazi wa simenti ametoka zamu, kesho maman na gunia la muchele. Mwenye anajua ile njia anajua kilima. Pikipiki yangu haikuwa ya mbio, lakini ilikuwa na nguvu. Ilipanda polepole bila kulalamika, na ndiyo ilikuwa inatulisha.

Bibi yangu ana kaka yake mukubwa. Na yeye ni motari, tena anajifanya makanika. Nitamuita Shemeji tu, jina lake la kweli litanichafua mudomo. Pikipiki zetu ni za aina moja.

Shangazi yangu alifariki Bukavu, nikavuka mupaka kwenda kwa matanga. Ufunguo wa pikipiki nikaacha kwa bibi. Kurudi nakuta Shemeji na Papa mukwe bamekaa mbele ya nyumba yangu, majirani bamesimama, pikipiki imeoshwa inang'aa.

"Shemeji, nimekufanyia mambo makubwa," akasema. "Nimekufungia kamshafti ya mashindano na resori mupya za masupape. Ni zawadi."

Kwa mwenye hajui, kamshafti ni ile chuma ndani ya injini inafungua na kufunga masupape, vile vimilango vya hewa, injini ipate kupumua; resori ni springi zake. Ile ya mashindano inafungua zaidi, pikipiki inakimbia sana kwenye barabara ya sawa. Papa mukwe akanishika mukono: "Mukwe wangu, zawadi ya bukwe hairudishwe. Ukiitoa, umetutoa sisi."

Nikasema asante. Ningesema nini mbele ya muzee? Niliuliza tu ile yangu ya zamani iko wapi. Shemeji akajibu, bila haya, "Ile? Ilikuwa imekwisha, nimetupa."

Kesho yake nikabeba maman moja mwenye mimba, anaenda hospitali. Kufika kilima, pikipiki ikakosa roho! Ukienda polepole haivute hata kidogo. Ukitaka ivute, lazima uipigishe kelele ya kufa, na ukilegeza kidogo inazimika. Maman wa bantu akashuka, akapanda na miguu, mikono kiunoni, mie nasukuma nyuma yake. Akanigeukia: "Papa, si ungesema tu haiwezi, nipande gari?" Nilisikia haya mpaka kwa masikio. Kisha bateja bakaanza kunikwepa. Bamotari benzangu banabaambia, "Usipande ya ule, utamalizia na miguu."

Sasa sikilizeni. Siku moja nasukuma kwenye kilima kilekile, nyuma nasikia injini inapanda polepole, haina haraka. Ile sauti naijua sawa kikohozi cha baba yangu. Nageuka, ni Shemeji, magunia mawili ya muchele nyuma. Akapiga honi, akacheka meno yote inje: "Shemeji, kaza!" Akapita.

Nilifika nyumbani sikuvua hata kasike. Bibi alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo.

"Chuma yangu iko wapi?"

"Iko kwa yaya, kaka yangu." Hata mutwangio hakuuweka chini.

"Ulijua?"

"Nilimupa ufunguo mie mwenyewe. Ile kamshafti alijinunulia, kilima kikamushinda, na hakuna muntu alitaka kuinunua. Yaya ana batoto bane, weye una moja. Weye utajua vile utafanya."

Eti nitajua! Banasema kikulacho kiko nguoni mwako, mie nilifikiri ni maneno ya bantu bengine. Sijapiga bibi na sitapiga, lakini siku ile nilitoka inje nikapiga ile pikipiki teke mpaka kidole kikavimba.

Na bale bataandika "ni chuma tu, nunua ingine," banyamaze kwanza. Chuma ziko madukani. Bibi mwenye anangoja niende kulia mufu wangu, ili afungulie kaka yake mulango, huyo banamuuza wapi?

Shida yangu ni siku ya mungu inayokuja, Jumapili. Papa mukwe ameita ukoo muzima, kasiksi, pombe ya ndizi, imeiva. Kwetu zawadi kubwa ya bukwe inashukuriwa mbele ya bantu: unasimama na kikombe mukononi, unataja mwenye alikupa na kitu alikupa, banapiga makofi, imekwisha. Kisha pale hauna ruhusa ya kuongea vibaya juu yake mpaka unakufa. Muzee hajui kitu, masikini, anafurahi kweli. Shemeji amenitumia ujumbe: "Vaa muzuri." Na bibi amenipigia pasi shati nyeupe, akaitundika, kisha akasema bila hata kupandisha sauti: "Ukisema mbele ya papa, mie nabaki kwetu na mutoto."

Nikishukuru, nimemubariki mwizi kwa mudomo wangu, na bibi atajua mie ni muntu wa kufanyiwa chochote. Nikisema, mutoto wangu atalelewa kwenye nyumba ya wenye waliniibia, na batamuambia baba yake alikataa zawadi. Msiniandikie "vumilia". Mwenye ataandika vumilia, aje Bugarama asukume na mie. Niambieni tu: wakinipa kile kikombe, na bibi ananiangalia, na mutoto amekaa kwa magoti ya Shemeji, neno langu la kwanza liwe gani?