Kaburi la Mwinjilisti Mitunguu

Wenzangu wa kwaya walitoka Siakago kwa ajili ya tamasha. Walutheri wa nchi nyingi walikuwa wanakutana Meru, na sare zilishonwa wiki nzima. Mimi nilitumwa na mama. Baba yangu, mwinjilisti, alituacha nikiwa na miaka minane akaenda kuhubiri Mitunguu, akakaa huko mpaka malaria ikamuua. Hakurudi hata siku moja. Sasa wageni wangepelekwa kuona makaburi ya watumishi wa kwanza, na la baba lilikuwa mojawapo. Mama akaniambia, "Nenda uone kama analala pazuri. Na uulize kwa nini hakurudi."

Saa kumi na mbili asubuhi tuliondoka na basi la shule. Embu tulikunywa chai, kisha tukapanda kupitia Runyenjes na Chuka. Sisi watu wa Mbeere tumezoea jua na mawe. Huko kila bonde lina mto, na watu wala hawaushangai! Nilijifunika leso mbili na bado nikatetemeka kwa baridi.

Mchana tulifika Meru. Uwanjani wimbo mmoja uliimbwa na Wajerumani, Watanzania na Wameru, kila mtu kwa lugha yake. Nililia, na sioni haya kusema. Nilijisikia mtoto wa mtu mkubwa.

Kesho yake tuliteremka Mitunguu, kwenye joto, migomba na mifereji ya maji. Kaburi lilikuwa limepakwa chokaa na kufagiliwa vizuri. Mchungaji wa pale alisifu kazi ya baba, mkalimani akawafasiria wageni, kisha mchungaji akasema, "Sasa binti yake, Ciarunji, atatusalimia."

Nikasimama, maana Ciarunji ni mimi. Upande wa pili, mwanamke mwenye ufagio mkononi naye akasimama.

Kwetu binti wa kwanza wa kila nyumba hubeba jina la mama wa baba yake. Jina hilo haliokotwi barabarani. Nilimtazama yule mwanamke, mdogo wangu kwa miaka kama kumi, paji la uso ni la baba kabisa, na sikuhitaji kuuliza kitu. Woi! Miaka hiyo yote mama alikuwa anamwombea mume aliyekuwa na nyumba nyingine.

Mchungaji alitutazama mmoja mmoja. Wageni walishusha kamera zao. Nilitaka kurudi kwenye basi nikae huko peke yangu.

"Sema wewe," yule mwanamke akaniambia polepole. "Wewe ndiye mkubwa."

Nilisema asanteni kwa kumtunza baba yetu. Hilo neno "yetu" lilinitoka kwa shida, kama mwiba wa samaki.

Baadaye alinikaribisha kwake, akanipa ndizi za kuchemsha na maziwa. Mama yake alikuwa amekwisha kufariki. Ndugu hakuwa naye.

"Ulijua tuko?" nikamuuliza.

"Nilijua. Baba alisema kuna Ciarunji mwingine huko Mbeere. Kila mwaka alikuwa anasema atakuja kwenu kuungama. Aliogopa, dada."

"Aliogopa! Na kuhubiri hakuogopa?"

Alinifungia mkungu mdogo wa ndizi nimpelekee mama. Niliupokea, nikamwambia kwaheri, na kumkaribisha kwetu sikumkaribisha. Moyo ulikataa.

Siku ya tatu jioni nilifika nyumbani. Njiani nilikuwa nimetunga uongo mzuri, lakini mama alipapasa zile ndizi akauliza nani ametuma. Nikamweleza yote. Machozi yakamtoka, akayafuta na ncha ya leso.

"Alinionea," akasema. "Alinionea sana, huyo mtu wa Mungu." Halafu akauliza, "Huyo mtoto anakaa na nani?"

"Peke yake."

"Na wewe umekula kwake?"

"Nimekula."

"Halafu ukamwacha huko?" Mama aliniwakia kama nilipokuwa msichana. "Niliolewa na yule mzee, si wewe. Kumkasirikia ni kazi yangu, na nitaifanya mwenyewe. Huyo ana jina la mama mkwe wangu, aliyenipokea katika boma hili. Kesho panda gari, umlete kwao."

Wenzangu wanasema tamasha liliwafundisha kwamba Walutheri ni wengi duniani. Mimi, asubuhi yake, nilikuwa barabarani tena.