Amina Kabla ya Wakati

Kosa la Kristina lilikuwa neno moja, tena neno takatifu. Alisema Amina kabla Klara hajamaliza kuomba.

Ilikuwa kwenye kikundi cha akina mama wa kanisa, pale Misigiri. Klara aliombwa afunge kikao kwa sala. Na Klara akishika sala, mwenye uji jikoni ajue umeungua. Alimwombea mwinjilisti, akawaombea wagonjwa, kisha akaingia sehemu aliyoipenda mwenyewe: "Bwana, unamjua dada yetu ambaye jina silitaji, yule wa nyumba ya karibu na kisima, anayepika pombe akasema ni togwa..." Wanawake walikuwa wamefumba macho, lakini masikio wameyaacha wazi. Ndipo Kristina, mama yake Samweli, akatamka kwa nguvu: "Amina!" Wote wakaitikia, wakainuka, wakaanza kutafuta ndala zao mlangoni. Klara akabaki mdomo wazi, na habari ya togwa haijafika mwisho.

Tangu siku hiyo hawakusemezana. Hilo lingevumilika kama mashamba yao yasingepakana, na kama mtama usingeanza kukomaa.

Miaka yote, msimu wa ndege ukifika, walilinda pamoja. Kila mmoja alikuwa na ulingo wake katikati ya shamba, jukwaa la miti lenye kivuli cha nyasi. Kwelea kwelea wakitua, huyu anapiga kelele, yule anawarushia udongo kwa kombeo, mpaka ndege wanavuka mashamba yote mawili na kuishia vichakani. Mwaka huu kila mtu alipiga kelele zake. Klara aliwafukuza wakatua kwa Kristina. Kristina akawafukuza wakarudi kwa Klara. Ndege walikula huku na huku, wakanenepa.

Tena Kristina alikuwa na ujanja mpya. Alichukua kaseti ya kwaya iliyoharibika, akaitoa ile tepu nyeusi na kuifunga mti hadi mti. Upepo ukipita, inavuma. Klara alikuwa na mifuko ya plastiki tu, ile ya rambo, ameitundika kwenye vijiti.

"Haya," alinung'unika, "kwaya nzima imehamia kwake, inanifukuzia mimi ndege."

Wiki mbili alikaa juu ya miti ile, tangu alfajiri hadi jua kuzama, na viazi vilivyopoa. Watoto wake, Evodia na wadogo zake, walikuwa shule. Mtama ule ndio ugali wa mwaka mzima. Gabrieli, mumewe, alikwenda Mererani kutafuta mawe ya thamani, kama wanaume wengi miaka ile, na tangu Krismasi hakuleta hata barua. Wenzake walishatuma redio nyumbani, mmoja hata baiskeli. Wazo hilo likimjia, Klara alilipa kisogo na kutazama njia. Kutoka ulingoni aliona kila kitu: nani kaenda kisimani mara mbili, nani kavaa gauni la mtumba lililo wazi mgongoni. Alijua makosa ya kijiji kizima. Ya kwake hayakuonekana kutoka pale juu.

Alisali pia. "Bwana, waondoe ndege hawa shambani kwangu."

Upepo ukamletea sauti ya Kristina kutoka ng'ambo, anaomba hilo hilo, neno kwa neno. Klara alikasirika kama aliyeibiwa. Kisha akamfikiria Mungu, amewekwa katikati ya wanawake wawili, kila mmoja anamwomba ampelekee mwenzake ndege. Akataka kucheka. Akajizuia, maana alikuwa amenuna.

Jumanne asubuhi kundi kubwa lilikuja kama moshi. Klara alipiga kelele mpaka mishipa ikamtoka. Ndege waliinuka wakamwagikia kwa Kristina. Klara akasubiri kelele za upande wa pili. Kimya. Akasubiri tena. Hata ndege mmoja hakurudi.

"Asante, Bwana," alianza. Maneno yakakwama. Ombi lake limejibiwa, mbona lina uchungu? Kule ng'ambo ndege walikuwa wanakula ugali wa watoto wa mtu.

Alishuka ulingoni akakimbia, kanga mkononi, akipiga mayowe. Alimkuta Kristina katikati ya mtama, kitambaa shingoni, anapunga mikono kama mtu anayezama.

"Umenyamaza nini, Mama Samweli?"

"Sauti imekwisha," Kristina alinong'ona. "Tangu jana. Furahi basi."

"Ningefurahi si ningekaa kwangu? Lete kombeo. Sauti ya Amina ile ndiyo imekwisha?"

Kristina alicheka, pumzi tupu. Klara alipiga kelele, mwenzake akarusha udongo, na kwa mara ya kwanza msimu ule ndege walipitiliza hadi vichakani.

Wakaketi chini ya ulingo. Kristina akasema kwa kunong'ona, "Mama Evodia, yule dada wa togwa alikaa karibu yangu siku ile. Alikuwa anatetemeka. Ndiyo sababu nilikufungia sala."

Klara alichuma jani la mtama, akalichana vipande. Alikuwa amekumbuka sala yote ile, na sasa aliisikia kwa masikio ya yule dada.

"Nitakwenda kwake jioni," alisema. "Nitataja jina. La kwangu."

Wakafungua viazi vya Kristina. Klara aliomba: "Bwana, tunashukuru kwa chakula. Amina."

Kristina alifumbua jicho moja. "Imekatika? Gabrieli hujamtaja."

"Sitaki kumtaja. Nikimtaja nitalia."

"Basi fumba macho."

Kristina akaanza kumwombea Gabrieli, kwa ile sauti iliyokwisha, polepole, mgodi kwa mgodi, barua kwa barua. Kundi dogo likapita juu yao na kutua upande wa Klara. Aliwasikia wakidonoa. Amina ilikuwa tayari mdomoni. Akaishika hapo hapo, machozi yakimtoka, mpaka mwenzake alipomaliza.