Drusilla Nyakerario wa Merigi, Mkaribishaji wa Wageni

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1962, katika nyumba za wafanyakazi wa shamba moja la chai karibu na Kericho, mtoto wa tano wa Mageto na mkewe Nyatichi, Wagusii waliokuja huku kutafuta kazi ya kuchuna majani. Alibatizwa Drusilla, Nyakerario lilikuwa jina la nyanya yake. Wapo waumini wanaosema kwamba siku aliyozaliwa hakulia bali alicheka. Mama yake aliikana habari hiyo mpaka akaingia kaburini, akisema kwamba alilia kama watoto wote, tena kwa nguvu kuliko wengi. Nimeianza habari yake hapo makusudi, ili msomaji ajue mapema kwamba simtilii chumvi mtumishi huyu wa Mungu. Kanisa halijamtangaza mtakatifu, nami sina haja ya kulitangulia Kanisa. Naandika tu yale ambayo sisi wa Merigi tuliyaona kwa macho yetu, na yanatosha.

Alikua akizungumza Ekegusii ndani ya nyumba, Kipsigis uwanjani na Kiswahili penye mizani ya majani. Darasani hakufika mbali, maana karo ya ndugu zake ilitangulia yake. Mwaka 1983 alifunga ndoa na Ombui, fundi cherehani mpole aliyekuwa akiimba sauti ya nne kanisani, na baada ya miaka michache wakahamia Merigi, wakanunua kipande kidogo cha ardhi na kupanda chai. Jirani yao wa upande wa juu alikuwa mjane wa Kipsigis, Chepkemoi, ambaye wote walimwita Mama Kipkoech kwa jina la mwanawe wa kwanza. Mama huyo alikuwa mkali kama pilipili, lakini jioni ile walipofika alileta mursik, maziwa ya kibuyu, akakaa nao mpaka kibuyu kikaisha. Mwanzoni mwa mwaka 2008, katika siku zile mbaya za baada ya uchaguzi ambazo jirani alimwogopa jirani wa kabila jingine, Mama Kipkoech alisimama penye lango la Drusilla na fimbo yake mkononi. Waliokuja kuwafukuza Wagusii waligeuka wakaenda zao. Tangu siku hiyo Drusilla alimpenda kama mama aliyemzaa, na upendo huo ndio uliokuja kumtia katika jaribu kubwa la maisha yake.

Wito wake haukuja kwa ndoto wala kwa sauti kutoka mawinguni. Ulikuja Jumapili moja ya mwaka 2011, iliposomwa Injili ya mgeni aliyekaribishwa, naye akaona kana kwamba imesomwa kwa ajili yake. Kesho yake alijiunga na Klabu ya Huduma ya Merigi, ambayo wakati huo ilikuwa na wanachama wachache na kengele moja. Walipanda miti kandokando ya chemchemi, walizibua mitaro ya soko, na kila Krismasi walipeleka mablanketi zahanati. Alhamisi alasiri walikutana katika ukumbi wa kanisa kumsikiliza mgeni. Shida ni kwamba wageni hawakuja, na waliokuja hawakurudi. Drusilla akaomba kazi ya kuwaalika, akapewa upesi, maana hakuna mwingine aliyeitaka.

Hapo ndipo furaha ilipoanza. Alimleta mfuga nyuki kutoka Kedowa, aliyeonjesha ukumbi mzima asali ya aina tatu mpaka maswali yakakosa wa kuyauliza, kila kinywa kikiwa na kazi. Alimleta mkunga mstaafu, Loice, aliyewaeleza wanaume jinsi mtoto anavyokuja duniani, na mwenyekiti wetu, Mwalimu Kimeli, aliomba ruhusa ya kuketi. Alimleta askari wa barabarani na fundi wa pikipiki siku moja, makusudi, akaketi katikati yao. Kila mgeni alipokewa kwa mursik na kuagwa kwa ndizi za Kisii, na kabla hajaondoka alipewa jembe akapande mti mmoja penye chemchemi. “Wahenga walisema umpe jembe siku ya tatu,” alikuwa akisema, “lakini huyu anaondoka leo.” Miti ile ipo hadi sasa, na ule wa askari ndio umepinda.

Katika miaka hiyo macho ya Mama Kipkoech yalianza kufunikwa na mtoto wa jicho. Kwanza alikosa tundu la sindano, kisha nyuso za watu, mwishowe mlango wa jirani. Hospitali hakutaka kuisikia, kwa sababu dada yake aliingia huko zamani akatoka amefunikwa shuka. Aliendelea kuchuna mistari ya chai iliyo karibu na nyumba yake kwa kupapasa, na kwenye kituo cha kuuzia majani alishikilia kuyachambua mwenyewe juu ya meza, kama inavyotakiwa, akitoa yaliyokomaa na kubakiza majani mawili na chipukizi. Mikono yake ilikosea. Alitupa laini, akaacha magumu, na majani kama hayo karani huyarudisha nyumbani. Drusilla hakuweza kuvumilia kumwona mama huyo akirudishwa mbele za watu. Akawa anasimama nyuma yake, na mara anapomaliza kuchambua, anayaondoa yale magumu na kuweka mazuri kutoka kikapu chake mwenyewe. Karani aliona akanyamaza. Foleni nzima iliona ikanyamaza. Miaka ikapita hivyo, na majani ya Mama Kipkoech yakasifiwa kuliko yote.

Mwezi wa Oktoba 2017, Drusilla alifaulu kumwalika mgeni aliyemtamani kuliko wote, daktari wa macho kutoka Kericho, jina lake Vivian. Hakumwalika kwa ajili ya klabu, ingawa klabu ilifurahi. Alimtaka aseme na Mama Kipkoech, aliyekuwa amekubali kusikiliza mara moja tu. “Nitakaa nisikie,” alisema. “Lakini baada ya hiyo, mtu asiniambie tena mambo ya macho.” Basi nafasi ilikuwa hiyo moja, na Drusilla alifunga na kusali kwa ajili yake.

Hapa inanipasa kueleza kosa ambalo wakulima wa chai peke yao wanaweza kulifanya. Alhamisi ndiyo siku ambayo lori la kiwanda huja Merigi kuchukua majani. Saa yake iliyoandikwa ni saa tisa, na hiyo ndiyo ilikuwa saa ya mkutano wetu. Hatukuona tatizo, kwa kuwa lori halijawahi kufika saa tisa tangu kituo kijengwe. Lilifika saa kumi na mbili, au giza likiingia, nasi tuliuamini uchelewaji wake kama tunavyoamini mvua za Aprili. Lakini wiki ile kiwanda kilikuwa kimeajiri dereva mpya, kijana aliyetoka mbali, ambaye hakuna mtu aliyemweleza desturi yetu. Daktari Vivian alisimama, akashukuru, akasema neno “jicho”, na honi ikalia barabarani.

“Lori!” akapiga kelele mtu, na ukumbi ukawa mtupu. Majani yakilala kwenye gunia yanakuwa meusi, na kila mkulima anajua hilo kuliko jina lake. Mwalimu Kimeli, mtu wa itifaki, alitoka mbio na mkufu wa uenyekiti shingoni na kengele mkononi, ikilia njia nzima. Hata Mama Kipkoech, aliyekuwa haoni mlango, aliupata. Daktari alibaki na Drusilla na viti. Mtu mwingine angeomba radhi, akalia. Drusilla alimshika daktari mkono, akasema maneno ambayo klabu yetu imeyaandika juu ya ukuta: “Daktari, mkutano haujavunjika. Umehama tu. Tuufuate.”

Daktari Vivian alihutubia Klabu ya Huduma ya Merigi akiwa amesimama kwenye matope ya kituo, viatu vya mjini vikizama, watu wakiwa kwenye foleni na vikapu vyao. Wote waliokuwapo wanakiri kwamba haijapata kuwa hotuba iliyosikilizwa vizuri kama ile, kwani hakuna aliyeweza kuondoka kabla ya kupimiwa. Alieleza jinsi utando unavyotolewa kwenye jicho, na kwamba mtu hurudi nyumbani akiona. Kisha akamgeukia Mama Kipkoech aliyekuwa mezani akichambua.

“Macho yangu iko sawa,” mama akasema, bila kuinua kichwa. “Kama imekufa, mbona majani yangu hairudishwi? Uliza karani. Uliza hawa wote.”

Foleni ikatazama chini. Ndipo Drusilla alipoelewa kwamba wema wake ndio uliomfungia mama huyo gizani. Angeweza kunyamaza, na kila mtu angemsaidia kunyamaza. Alikuwa na deni la upendo ambalo halilipiki, na mtu aliyesimama langoni kwake hakustahili aibu mbele ya foleni nzima. Akakiweka kikapu chake chini.

“Hayarudishwi kwa sababu mimi nayabadilisha, mama,” akasema. “Kila siku ya lori. Nimekuwa nikikudanganya.”

Mama Kipkoech aliyaacha majani mezani. “Wewe Drusi,” akasema, “umenifanya mtoto.” Akachukua fimbo yake, akakataa kila mkono ulionyooshwa, akapanda kilima peke yake akijikwaa.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya uchungu. Mama Kipkoech hakuitika salamu za Drusilla, na kibuyu cha maziwa hakikushuka tena kilimani. Kwenye klabu Mwalimu Kimeli alisema kwamba mzee ameaibishwa na kazi ya kualika wageni ipewe mtu mwingine. Drusilla hakujitetea hata kwa neno moja. Alikabidhi kazi, akahamia nyuma ya ukumbi, akawa anaosha vikombe, tena akiimba. Ombui alipomwuliza anaimba nini na moyo umevunjika, alimjibu kwamba vikombe havikumkosea. Nakiri kwamba mimi ningevibamiza.

Mwezi wa Februari 2018, Alhamisi, Mama Kipkoech alishuka peke yake kituoni na kikapu mgongoni. Alichambua majani yake mezani kama kawaida, kisha akainua mkono. “Mtu asiguse,” akasema. “Karani, angalia vile iko.” Karani, kijana mwema, aliwatazama watu kama anayeomba msaada. Hakuupata. Akayarudisha majani yote. Mama Kipkoech aliyazoa yote kwa kupapasa. Alibeba kikapu chake hadi mlangoni kwa Drusilla, akakiweka chini kwenye kizingiti.

“Haya ndiyo macho yangu,” akasema. “Nimejionea mwenyewe. Sasa nipeleke kwa huyo daktari, na usiniache huko, hata wakikufukuza.”

Drusilla hakumwacha. Alilala sakafuni kando ya kitanda chake, muuguzi akamfukuza, akarudi, mpaka muuguzi akamletea shuka. Asubuhi bandeji ilipofunguliwa, Mama Kipkoech alipepesa macho, akamwangalia daktari, akaangalia dirisha, akamwangalia Drusilla kutoka kichwani mpaka miguuni, maana hakuwa ameuona uso wake kwa miaka mingi.

“Kumbe umezeeka hivi!” akasema. “Na mimi nilidhani ni mimi peke yangu.”

Walicheka mpaka wagonjwa wa vitanda vingine wakacheka bila kujua sababu. Mwezi uliofuata Mama Kipkoech alikuwa ndiye mgeni wa klabu. Alisimama mbele yetu, akatukaripia mmoja mmoja kwa kumficha ukweli, akimtaja kila mtu na mahali sauti yake ilipotoka kwenye foleni, kisha akamwambia Mwalimu Kimeli amrudishie Drusilla kazi yake kabla mama mwenyewe hajaketi. Mwalimu alimrudishia papo hapo. Mwaka huo wazee wengi wa Merigi walikwenda Kericho kutibiwa macho, na siku ya mkutano ikahamishiwa Jumanne.

Drusilla aliugua moyo kwa muda mfupi, akafariki tarehe 6 Juni 2023, akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja, baada ya kupokea sakramenti na kumwuliza padri kama amekunywa chai. Tangu hapo watu wanasimulia maajabu. Mama mmoja wa hapa, Chepkurui, anasema alimwomba Drusilla kwa jina mwanawe alipopotea, naye akapatikana jioni ileile. Wengine wanasema miti ya wageni haikukauka katika kiangazi kilichokausha mingine. Sina uwezo wa kuyahakikisha, wala sioni sababu ya kuyabishia.

Ninaloweza kulihakikisha ni la siku ya mazishi, kwa kuwa nilikuwapo. Watu walijaa mpaka barabarani, Wagusii na Wakipsigis, na nyimbo zilikuwa za furaha kama alivyoagiza. Wakati wa kuaga, foleni ilipita mbele ya jeneza upesi upesi, kama ilivyo desturi. Mama Kipkoech alipofika alisimama, hakusogea. Vijana wa shughuli walimwomba kwa heshima apishe wengine.

“Mniache nimwangalie,” akasema. “Ni yeye alinipa macho ya kumwangalia.”

Hakuna aliyemgusa, na wimbo uliendelea hadi aliporidhika mwenyewe. Sisi tuliobaki tumwige Drusilla katika hili: kumfuata mtu mpaka mahali kazi yake ilipo, kumtumikia kwa furaha, na kumpenda kiasi cha kumwambia ukweli. Na Mungu, aliyemkaribisha kwake mkaribishaji wetu, atusaidie tusiogope siku mpendwa wetu atakapopanda kilima peke yake kwa hasira. Tuache mlango wazi.