Pente ya Mazutu

Aseme asemaye, Butembo nzima hakuna aliyeijua njia ya Beni kunipita mimi. Nilianza kwa kusukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, nikafika kwenye lori yangu mwenyewe, na shule niliiacha ningali naandika jina kwa taabu.

Wakati ule wa vita njia ilikuwa imefungwa. Asubuhi walipoifungua tu, habari ikanifikia: mke wangu amejifungua kwao Beni, damu imemtoka nyingi, hospitali inaitaka yangu. Jioni bariyeri za askari zingefungwa tena. Mazutu, dizeli yetu, yalikuwa yameisha mjini. Mimi nilikuwa na yale ya ndani ya tangi tu. Nyuma magunia ya maharagi yamejaa, maana mimi sijawahi kwenda Beni mtupu.

Kando yangu alipanda mwalimu wa hesabu, mtu wa Kasai, serikali ilimleta kwetu ikamsahau. Geji ilikuwa imekufa, donc kila niliposimama nilitumbukiza fimbo kwenye tangi. Yeye akachora kwa msumari ndani ya mlango: mstari uliolala ni njia, uliosimama ni mazutu, kila fimbo nukta yake. Tulipofika kijiji cha Kalunguta, akaziunganisha nukta.

"Patron, ona pente."

Kwetu madereva pente ni mteremko: unazima moteri, gari inaserereka bure. Nikacheka. "Inashuka! Basi tunateremka mpaka Beni."

"Hapana, papa. Hii hapana njia, ni mazutu. Itagusa chini mbele ya kufika Beni."

"Weye nabii?"

"Mie mwalimu. Ona: hapa ulizima moteri, mustari ukalala. Hapa ulipanda na maharagi yako, ukaanguka kama jiwe."

Nikashuka, nikazunguka lori, nikarudi, nikashuka tena. Nikauelewa palepale, bila shule: njia ikianguka, mstari unalala, njia ikipanda na mzigo, mstari unaanguka. Mlima siwezi kuuhamisha. Mzigo ni wangu.

Nikayatupa magunia mbele ya kina mama wauza ndizi.

"Papa, tukuchungie mpaka lini?"

"Pikeni!"

Fimbo iliyofuata, mwalimu akapiga mlango kwa furaha. Mstari ulikuwa umelegea. Mteremko wa mwisho nilizima moteri. Breki zikalia, mwalimu akafumba macho akimwita Bikira Maria, mimi napiga usukani kana kwamba ni punda. Kwenye bariyeri askari alikuwa tayari ameshika kamba ya kuifunga njia.

"Umebeba nini?"

"Damu."

Akachungulia nyuma, akaona patupu, akanitazama usoni, akaishusha kamba chini, tukapita juu yake.

Hospitali walinitoboa mkono. Baadaye damu yangu ikatundikwa ndani ya chupa juu ya kitanda cha mke wangu, ikidondoka tone, tone. Akafumbua macho.

"Maharagi iko wapi?"

"Kalunguta. Yalikuwa yanaharibu pente."

"Umelewa," akasema, akafumba tena.

Sikuweza kukaa. Nilisimama pale nikiitazama ile chupa, nikimwuliza muuguzi kama haiwezi kushuka mbio zaidi.

"Polepole, papa," akasema. "Ukiikimbiza utamuua."

Siku nzima nilikuwa nikiomba mstari ulale. Sasa huu wa damu chupani naomba uanguke, nao umelala.