Sinema ya Bubu

Juzi nilikuwa kwa dada yangu, mtaa wa Mpendae, nimekaa uani nachambua mchele, nikasikia watoto wanacheka chumbani. Hakikuwa kicheko cha kawaida. Kilikuwa kile cha kukosa pumzi, cha mtu kupiga sakafu kwa viganja na kuomba basi. Nikatega sikio nijue wanacheka nini, sikusikia kitu. Simu wanayo, lakini haikutoa hata neno moja.

Nikachungulia mlangoni. "Mbona hamfungui sauti?"

"Hawa hawasemi, mamdogo," akajibu mkubwa wao, machozi yanamtoka. "Njoo umwone huyu na ngazi yake!"

Nikainama. Kwenye kioo kile kidogo alikuwamo mtu wa rangi ya majivu, kabeba ngazi begani. Anaitwa nyuma, anageuka, ngazi inampiga aliye mbele. Anageuka kuomba radhi, inampiga aliye nyuma. Mchele ukanimwagika. Watoto wakadhani nimechekeshwa mpaka nimeshindwa kuushika ungo. Sikuchekeshwa. Nilishtuka, maana mtu yule namjua. Namjua toka nina umri wa miaka minane, na mara ya mwisho nilipomwona alikuwa anakimbia juu ya vumbi.

Sasa kaa, nikuhadithie. Wewe unajua mimi si msemaji, nikisitasita nivumilie.

Tulikaa Mji Mkongwe wakati huo, mimi na bibi yangu, katika uchochoro unaoishia kwenye kiwanja kidogo. Bibi akiuza urojo pale kiwanjani kila jioni. Mpaka leo nikisikia harufu ya ukwaju na unga wa dengu unaochemka nageuza shingo kumtafuta. Kazi yangu ilikuwa kumenya mbatata, kuosha mabakuli, na kukaa kimya, na hiyo ya tatu niliiweza kuliko zote. Wateja wakinisalimia nikijifunika mdomo kwa mtandio. Nikicheka, pia nikiufunika.

Upande mmoja wa kiwanja palikuwa na duka la vitambaa. Mwenye duka alikuwa Mhindi mnene, mcheshi, aliyezaliwa mtaa ule ule kama baba yake na babu yake. Upande wa pili alikaa dobi. Dobi alikuwa hasikii wala hasemi toka kuzaliwa. Alipiga pasi ya mkaa mlangoni kwake, na moshi wake ukichanganyika na wa jiko la bibi. Watoto tukimwita Bubu. Bibi akisikia alikuwa akitutishia mwiko. "Ana jina lake yule! Na nyinyi mmoja mmoja kawapa majina, tena mazuri kuliko mnavyostahili."

Kweli alitupa majina, ya mikono. Bibi alikuwa mkono unaokoroga sufuria. Mwenye duka alikuwa mikono miwili inayozunguka tumbo, na mwenyewe akilifurahia. Jina langu mimi lilikuwa kiganja juu ya mdomo.

Mwaka mmoja mtoto wa mwenye duka, aliyekuwa akiishi ng'ambo ya bahari, akamletea baba yake projekta. Mwenye duka akaiweka kwenye dirisha la duka, akatundika shuka kwenye kamba mwisho wa kiwanja, akatangaza: "Leo baada ya Isha, bure, sinema bubu!"

Sisi watoto tukasikia tulivyotaka kusikia. Tukasikia sinema ya Bubu.

Usicheke. Tulikwenda pale tukiamini tunaonyeshwa sinema ya dobi wetu. Na tulipokaa mikekani, tukawaona watu wa rangi ya majivu wanatupiana mikono, wanatoa macho, hawatamki neno, tukapata hakika. Wale ni jamaa zake! Ipo nchi yao, na hii ndiyo. Mimi sikulala vizuri usiku ule kwa furaha. Nilikuwa mtoto ninayetetemeka mwalimu akiniambia nisome kwa sauti, na sasa nimejua kwamba ipo nchi ambayo mtu hadaiwi maneno, na watu wanampenda.

Dobi mwenyewe mara ya kwanza alisimama tu kando ya shuka, kakunja mikono. Mara ya pili alitoweka, kisha akatokea na ubao wake wa kupigia pasi begani. Akajifanya ameitwa nyuma, akageuka, ubao ukaangusha mabakuli ya bibi. Kiwanja kizima kilipasuka. Tokea hapo ikawa kuna sinema mbili, moja kwenye shuka na moja mbele ya shuka, na mimi nilijua ipi bora.

Mchezo aliokuwa akiuweza zaidi ni wa kofia. Kofia yake inadondoka. Anainama kuiokota, mguu wake wenyewe unaipiga teke, inakwenda mbele. Anaitazama kwa heshima, anaisogelea kwa kunyata, anainama, teke tena. Jirani yetu mmoja, mama mwenye domo, akipiga kelele: "Iokote na wewe! Au imekuacha? Omba talaka!" Mwenye duka akishika tumbo. "Mtu akianguka hahitaji mkalimani," alikuwa akisema. "Filamu hizi zimetengenezwa babu yangu kijana, na tazama, bado moto!"

Nilichokigundua mimi, kwa kuwa mkimya huona mengi, ni kwamba dobi haitazami sinema. Alisimama mgongo kwenye shuka, uso kwetu. Vicheko vyetu hakuvisikia, kwa hiyo alikuwa akivitazama. Akipitisha macho uso kwa uso, kama mtu anayekusanya. Akifika kwangu na kunikuta nimejifunika mtandio, alinionyesha kidole: toa, nione. Sikuwa na ujasiri. Nilitikisa kichwa.

Nyuma yetu sisi watazamaji palikuwa na nyumba ya ghorofa, tupu, wenyewe wamekufa au wamehama. Ukuta wake ulikuwa umetoa tumbo, na mti umeota juu katikati ya mawe. Sote tulikuwa tukiuona ukuta ule kila siku, na kwa sababu hiyo hatukuuona. Bibi alikuwa akiweka jiko lake chini yake, kwa ajili ya kivuli.

Ilikuwa katika wiki za masika. Mvua ilinyesha mchana kutwa, jioni ikakatika, watu wakatoka kwa hamu. Sinema ilikuwa ile ya mtu na ngazi. Alikuwa kapanda juu kabisa, ngazi inayumba, sisi tunapiga mayowe, na dobi mbele ya shuka anayumba naye.

Ghafla akaacha kuyumba. Akatoa macho.

Tukacheka.

Akanyoosha mkono juu, akaulaza chini kwa nguvu. Mara mbili, mara tatu. Kwenye shuka, wakati ule ule, mtu wa ngazi akaanguka. Tukacheka mpaka tukalaliana. Dobi akaja mbio, akamkamata mwenye duka kwa ukosi wa shati, akamvuta. Mwenye duka akajiachia avutwe, anacheka, miguu juu. "Leo Bubu kala nini!" akapiga kelele yule mama jirani. Watu wakampigia makofi. Alifungua mdomo wake, na ikatoka sauti ambayo sijapata kuisikia kabla wala baada yake, sauti isiyo na herufi. Nakuapia, ile ndiyo iliyochekwa kuliko vyote.

Mtu anatwambia tunakufa, anatwambia kwa lugha aliyotufundisha mwenyewe, nasi tunampigia makofi.

Akamwacha mwenye duka. Akaja moja kwa moja kwa bibi, akaishika sufuria ya urojo kwa mikono mitupu, ya moto vile vile, akaitupa katikati ya kiwanja.

Kicheko kikakatika. Kwa sababu dobi alikuwa akiiheshimu sufuria ile. Hata katika utani wake mkubwa aliipita mbali. Bibi akamtazama uso, si mikono, uso, kisha akanyanyuka na kupiga ukelele: "Hachezi huyu! Nyanyukeni! Mbele, mbele, kimbieni mbele!"

Tukakimbia. Kwa kuwa njia ya mbele ilikuwa na shuka, tukaipasua shuka, tukapita ndani ya sinema. Mimi nilikuwa kwapani mwa dobi, nimebebwa kama furushi la nguo. Ndipo ukuta ukashuka. Haukulipuka kama watu wanavyodhani. Ulishusha pumzi ndefu, kisha mawe, chokaa, boriti na ule mti vyote vikakaa pale tulipokuwa tumekaa sisi.

Vumbi likapanda jeupe. Projekta ilikuwa dirishani, haikuguswa, na shuka haikuwapo tena, kwa hiyo taa yake ikapiga kwenye vumbi. Yule mtu wa ngazi alikuwa keshanyanyuka, akajipangusa suruali, akawa anakimbia. Alikimbia hewani, juu ya nguo zetu, juu ya uso wa dobi na viganja vyake vilivyoungua. Kiwanja kizima kilikuwa bubu, na sinema inakwenda.

Hakufa mtu. Sijui nikwambieje namna tulivyolirudia jambo hilo, hakufa mtu, hakufa mtu, kama tunaohesabiana. Jiko la bibi halikuonekana tena.

Asubuhi watu walipanga mstari mlangoni kwa dobi. Walimletea halua, walimbusu vile viganja vilivyofungwa bendeji. Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani akatukusanya akasema tusithubutu tena kumwita Bubu, wala kumcheka. Tukaitikia kwa sauti moja. Nilimpenda sana mwalimu siku ile. Ilichukua muda kujua tumefanya nini.

Viganja vikapona. Jioni moja, bibi keshapata jiko jingine na keshalisogeza upande wa pili, dobi akaja kiwanjani. Akatutazama. Kofia yake ikadondoka. Akainama, teke, kofia ikaenda.

Yule mama mwenye domo akaiwahi. Akaiokota, akaipangusa, akamvisha kichwani kwa mikono miwili, taratibu, kama anamvisha bwana harusi. "Pole, mwanangu," akamwambia, na machozi yakamjaa. Watu wote wakatikisa vichwa kwa huruma.

Dobi akapitisha macho uso kwa uso, vile vile kama zamani. Hakukuta kicheko hata kimoja. Nimeuona uso wake wakati ukuta unataka kutuangukia, na nimeuona wakati ule, na nakwambia alishtuka zaidi jioni ile ya kofia. Alijaribu siku ya pili kwa ubao. Watu wakampisha njia. Hakujaribu tena.

Bibi alikuwa akikoroga. Akasema bila ya kuinua kichwa: "Sasa ndo mmemfanya bubu."

Basi, mtaa ukatawanyika. Nyumba zilizobaki zilikaguliwa, tukaambiwa tuhame kwa usalama wetu. Sisi tukahamia mtaa wa Ng'ambo, hapa hapa mjini, wengine wakaenda walikopata. Bibi keshatangulia mbele ya haki. Mwenye duka hakutundika shuka nyingine, na siku hizi pale dukani pake wanauza miwani ya jua na mikufu kwa wageni. Kiwanja kimewekwa meza za kahawa. Nilipita mwaka jana, nikatafuta msumari wa kamba ya shuka, nikaukuta umepakwa rangi.

Ndiyo maana siku ile ya mchele nilimuuliza dada, "Dobi yuko hai?"

"Si yupo hapa hapa nyuma ya msikiti, kwa binti wa dada yake," akasema. "Kazeeka. Hukujua?"

Sikujua! Miaka yote hii naja Mpendae nakula na kuondoka. Nikaazima simu ya watoto, nikenda.

Alikuwa amekaa kwenye mkeka barazani, kakonda, ndevu nyeupe. Nilimwamkia kwa kumbusu mkono, na kiganja chake bado kina ngozi laini ya kovu. Akanikazia macho. Kisha akaweka kiganja juu ya mdomo wake. Jina langu.

Nikamwonyesha simu. Akamtazama mtu wa ngazi kidogo tu, akanirudishia. Sikuona furaha usoni, nikajuta kuja, nikawaza nimemletea vumbi lile. Akajiinua kwa kushika ukuta, kama anataka kwenda ndani. Kofia ikadondoka.

Mpwa wake akaruka. "Mjomba, taratibu! Ngoja nkuokotee."

Mzee akainua kiganja: mwache. Akainama, magoti yanatetemeka, na mguu ukaipiga kofia teke. Ndogo sana, kofia ilisogea kama shibiri. Akaitazama kwa heshima. Akanyata.

Nilitaka kusema pole. Neno lilikuwa limeshafika kooni. Akainama, teke, kofia ikaanguka kutoka barazani, na yeye akageuka, mgongo kwenye kofia, uso kwangu, akangoja.

Kicheko kikanitoka, kile cha watoto, cha kukosa pumzi. Mkono wangu ulikuwa umeshapanda na mtandio. Akaniashiria kidole: toa, nione.

Nikautoa.